Madodoki ya Bi Sikudhani

Kulikuwa na nchi ikiitwa Peupe, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba haikuwa na siri. Kuta zake zilikuwa fupi, mapazia yake yalikuwa ya chandarua, na milango yake ilikuwa imekatwa nusu ya juu ili upepo na serikali vipite bila usumbufu.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani Wapeupe walikuwa watu wa kawaida, wakifunga milango yao na kusengenyana kwa sauti ya chini. Kisha ikaundwa Wizara ya Uwazi na Kuonana, na Waziri wake akatangaza kwamba mtu mwema hana cha kuficha, na asiye na cha kuficha hana haja ya pazia. Watu wakapiga makofi, kwa sababu asiyepiga angeonekana.

Neno "hodi" nalo likafutwa. Wizara ilieleza kwa upole kwamba kubisha hodi ni kuuliza kama unaruhusiwa kuona, na katika Peupe jibu lilikwisha kutolewa kwa niaba ya wote. Mtu akifika kwa mwenzake, aingie tu. Mwanzoni watu walitaabika. Walifika mlangoni, wakafungua mdomo, wakaufunga tena kama samaki. Baadaye wakazoea, na watoto waliozaliwa baada ya hapo hawakulijua neno lenyewe.

Kila mtaa ulijengewa roshani ya uangalizi, juu ya nguzo ndefu, yenye ngazi za chuma na kiti cha chuma. Roshani ya mtaa wa Kisimani ilijengwa nyuma ya jiko la mjane mmoja aliyeitwa Bi Sikudhani, karibu kiasi kwamba akikaanga samaki, aliye juu anajua ni changu au ni kibua. Kati ya ua wa mama huyo na nguzo za roshani palibaki kipande cha ardhi chembamba. Ukitandika mkeka wa kulalia hapo, ukingo wake mmoja unapanda ukutani. Bi Sikudhani alikuwa akimwaga hapo maji ya kuoshea mchele.

Aliyekaa juu aliitwa Bwana Tabwe, Mtazamaji wa Mtaa. Alikuwa mtu mrefu mwenye mabega yaliyoinama, kama anayeomba radhi kwa urefu wake. Kazi yake ilikuwa kuona. Alichokiona mchana alikisimulia jioni kwa wakubwa wake katika redio ya upepo: nani kapika nini, nani kacheka na nani, nani kakaa kimya muda mrefu bila sababu.

Lakini Bi Sikudhani aligundua jambo moja. Kila Bwana Tabwe alipopanda ngazi, alikohoa. Alikohoa chini, akakohoa katikati, na alipokaribia juu alikohoa kwa nguvu, kisha akasimama kidogo kama anayetafuta funguo mfukoni. Mwanamke aliyekuwa uani na kanga moja alipata nafasi ya kuchukua ya pili. Bi Sikudhani amelea watoto wenye pumu na wenye kifaduro, kikohozi anakijua. Kile hakikuwa cha kifua. Hakumwambia mtu. Wema wa namna hiyo, katika nchi ya Peupe, ukitajwa unakufa.

*

Bi Sikudhani alikuwa na mjukuu mmoja, Mwatime, aliyeolewa mji wa mbali. Mama yake Mwatime alifariki binti akiwa bado anajifunza kusuka nywele zake mwenyewe, kwa hiyo bibi ndiye aliyekuwa mama, shangazi na somo. Mimba ya kwanza ilipotokeza, Mwatime alirudi nyumbani kama ilivyo desturi, ili azalie kwa bibi yake na akae naye arobaini.

Desturi yenyewe inajulikana. Mzazi huogeshwa uani kila asubuhi kwa maji ya moto yaliyochemshwa na majani ya mkwaju, akakandwa mgongo na nyonga, akafungwa mkaja tumboni, akapata jua la asubuhi mabegani. Mama yake Mwatime alikandwa kwenye ua ule ule. Kitovu cha Mwatime kimezikwa hapo hapo, chini ya jiwe la kusugulia miguu.

Mwatime aliweka mzigo wake chini, akatoka uani, akatazama lile jiwe, kisha akainua macho kwenye roshani. Bwana Tabwe akajifanya anahesabu kunguru.

"Bibi," Mwatime alisema, "mimi hapa sizai."

"Kwani umeambiwa unazaa uani? Uani unaoga tu."

"Ndiyo hiyo. Nitarudi kwa mume wangu. Mama mkwe atanimwagia maji chooni, yaishe."

Bi Sikudhani hakubishana. Alijua binti huyu hakuwa na makuu. Alijua pia kwamba tangu roshani zijengwe, wanawake wa Kisimani walikuwa wakiwaogesha waliojifungua vyumbani, gizani, kwenye sakafu ya saruji iliyoloa. Mke wa mtoto wa jirani yake Bi Mgeni aliteleza humo na sufuria ya maji ikimwandama. Mpaka leo anachechemea. Wizara ilipoulizwa ilisema ajali hiyo ni matokeo ya usiri.

"Nipe muda," Bi Sikudhani alimwambia mjukuu wake. "Mimi na wewe tutakaa arobaini yetu pale pale alipokaa mama yako, na hakuna atakayekuona isipokuwa mimi na jua. Nikishindwa, nitakupandisha gari mwenyewe."

*

Alianzia serikalini, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu. Katika Peupe maombi yote ya kupanda ua wa miti yalipelekwa Idara ya Majani na Vichaka. Alikaa kwenye benchi asubuhi nzima, akaitwa, akasimama mbele ya meza tatu zilizounganishwa. Nyuma ya meza hizo walikaa wakaguzi waliovaa miwani, wengine bila vioo.

Mkubwa wao alimpokea kwa hotuba. Alisema serikali haikatazi ua. Serikali inapenda ua, inathamini ua, na kiongozi mkuu mwenyewe alizaliwa karibu na ua. Serikali inaomba jambo moja tu, kwamba ua usizuie kitu. Usizidi kimo cha afisa aliyekaa. Na ufaulu jaribio la gazeti, yaani mkaguzi mmoja asimame upande huu ameshika gazeti la serikali, na mwenzake asimame upande wa pili alisome kupitia majani. Akisoma mpaka mwisho bila kukodoa macho, ua ni halali.

"Na wewe bibi," alimalizia, "unataka kuficha nini?"

"Mgongo wa mjukuu wangu, baba."

Wakaguzi walitazamana. Mmoja aliuliza mgongo huo una nini. Bi Sikudhani akajibu kwamba una mifupa na ngozi kama ya mama zao, na una haki ya kupata maji ya moto. Walinong'onezana kwa sauti kubwa, kama ilivyotakiwa, kisha wakampa miche ya aina iliyoidhinishwa. Ilitafitiwa na Wizara kwa miaka mingi na sifa yake ilikuwa kwamba haitoi jani hata mvua inyeshe mwaka mzima.

Bi Sikudhani alishukuru, akaipeleka nyumbani ile miti, akaichomeka ardhini, akaanika juu yake kitambaa cha kufutia vyombo. Kesho yake alikuja mtu kumwambia kitambaa kinazuia.

*

Bi Mgeni aliuza miche kando ya barabara, kwenye mifuko na makopo, na walikuwa mashoga tangu wakiwa wasichana. Bi Sikudhani alimkuta akimwagilia, akamweleza shida yake, na wakaanza kuchagua kama wanawake wanavyochagua kitambaa cha harusi: kwa kukosoa kila kitu.

Michongoma ilikuwa mizuri, mizito, hata kuku hapiti. Lakini ilipigwa marufuku baada ya mmoja kumchana suruali naibu waziri aliyekuwa akichungulia. Tena huwa inatanuka, na kwenye kipande kile ingemaliza nafasi yote, mzazi aoge huku anachomwa.

Mnyaa hauhitaji maji wala sifa, ila utomvu wake ukiingia jichoni unapofusha.

"Si ndiyo vizuri," Bi Mgeni alisema. "Macho yenyewe ndiyo tunayoyalalamikia."

"Kutakuwa na mtoto pale, shoga. Mtoto akianza kushika vitu hatachagua."

Mianzi iliruhusiwa kisheria, mradi ilazwe chini. Tena mizizi yake ingepita chini ya ukuta na kuibukia jikoni. Mhina ulikuwa na kila sifa. Huwa mwembamba, unakubali kukatwa, maua yake yananukia, na majani yake yangetumika siku ya kumtoa mtoto nje. Bi Mgeni aliushika mche mmoja, akaupima na tumbo la Mwatime kwa mawazo, akatikisa kichwa. Mhina hauna haraka. Ungefika kimo cha mtu wakati mtoto anaota meno ya pili.

Bi Mgeni, aliyekuwa na huruma ya kuficha nyuma ya maneno makali, akamenya chungwa na kumpa mwenzake nusu kubwa.

Bi Sikudhani alikula chungwa lake huku akitazama mikono yake iliyochafuka udongo, akawaza kuisugua, na kutoka hapo akawaza dodoki. Alikuwa nalo kavu jikoni, limening'inia juu ya mtungi tangu mwaka jana, na lilipopigwa na upepo zilisikika mbegu tumboni. Mdodoki hautanuki, unapanda. Hauna haja ya ardhi zaidi ya unyayo, mradi upate kamba ya kushika. Jani lake ni pana kama kiganja cha mwanamume. Na una haraka, ukiugeuzia mgongo asubuhi, jioni umekushika kanga.

"Uko kwenye sheria?" alimwuliza Bi Mgeni.

Bi Mgeni alifikiri. Sheria ilitaja miti, vichaka, nyasi ndefu na migomba iliyosimama pamoja. Dodoki sheria ilikuwa imeliandika mahali pengine kabisa, kati ya sabuni na mawe ya kusugulia miguu. Wizara ililijua dodoki kama kifaa cha kuogea. Haikupata kuwaza kwamba linaota.

*

Bi Sikudhani alipanda mbegu zake mchana kweupe, akiwa amechuchumaa kwenye kile kipande chembamba, mgongo wake ukigusa ukuta. Kisha akafunga kamba kutoka chini mpaka kwenye boriti ya paa, moja karibu na nyingine, zimesimama wima kama nyuzi za mfumaji.

Kikohozi kikasikika kwenye ngazi, mara tatu. Bwana Tabwe alipofika juu alichungulia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu."

"Naona kamba."

"Za kuanikia nguo."

Bwana Tabwe alizitazama kamba zile zilizosimama wima. Hakuna nguo duniani ambayo ingeweza kuanikwa hapo ikakaa.

"Nguo zitakauka haraka," alisema, akaketi. Jioni ile kwenye redio alisimulia kwamba Bi Sikudhani ameongeza usafi.

Mbegu zikachipua. Mwatime, ambaye mzigo wake ulikuwa bado haujafunguliwa, alikuwa akitoka kila asubuhi na tumbo lake mbele kwenda kuitazama miche, na siku moja bibi alimkuta akizungusha mkono mdogo wa mmea kwenye kamba, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kushika kidole. Siku hiyo alifungua mzigo.

Lakini mtoto naye alikuwa na haraka zake. Uchungu ulimjia Mwatime kabla ya wakati uliotarajiwa, na kabla ya jua kutua alikwisha jifungua mtoto wa kike, mdogo, mwenye sauti iliyofika roshani. Madodoki yalikuwa yamefika magotini tu.

*

Asubuhi ya kwanza Bi Sikudhani alichemsha maji. Majani ya mkwaju yalinukia mpaka barabarani. Mwatime alikaa kitandani amejifunika shuka hadi kidevuni, akasema ataogea chumbani, hana neno, bibi asijisumbue. Bi Sikudhani alitazama sakafu ya saruji, akaona mguu wa yule mke wa mtoto wa Bi Mgeni. Alitoka nje na kiti cha kukalia mzazi, bila kujua atafanya nini nacho.

Bi Mgeni alikuwa amesimama kwenye kile kipande chembamba. Alikuwa amevua kanga yake ya juu na kuikunjua mbele yake kwa mikono miwili, uso wake ukielekea roshani. Nyuma yake aliingia mke wa mtoto wake, akichechemea, akasimama kulia kwake na kanga yake. Kisha akaja mwuza maandazi, ambaye saa hiyo ndiyo saa ya biashara yake. Kisha mwalimu wa watoto wadogo, kisha wengine ambao Bi Sikudhani aliwahi kuwapelekea uji walipougua, na wengine ambao hakuwahi kuwapelekea kitu, jambo lililomsikitisha. Walisimama bega kwa bega, migongo yao kwa mzazi, kila mmoja akiwa ameweka miguu yake huku na huku ya mche wa mdodoki ili asiukanyage.

Hakuna aliyewaita. Harufu ya mkwaju iliwaita.

Bi Sikudhani alirudi ndani. "Njoo," alimwambia mjukuu wake. "Ua umeota."

Mwatime alitoka, akaona ile migongo, akaanza kulia. Bibi akamkalisha, akamwagia maji ya kwanza mabegani, na binti akatoa ile pumzi ndefu ambayo wazazi hutoa maji ya moto yanapowagusa. Wanawake wale waliisikia, na kanga zikapanda juu kidogo.

Kikohozi kilipanda ngazi. Bwana Tabwe alifika juu, akakuta safu ya nyuso inamtazama. Katika utumishi wake wote hakuwahi kutazamwa na watu wengi kiasi kile kwa wakati mmoja. Akatafuta pa kuweka macho, akayaweka angani.

*

Jambo kama hilo halifichiki, na Peupe haikuwa nchi ya kulificha. Wanawake walipokuja asubuhi ya pili, na ya tatu, na zilizofuata, habari zilifika Wizarani kutoka mitaa ya jirani, na Waziri mwenyewe akaamua kuja. Alikuja na wakaguzi wa Idara ya Majani, gazeti lao, na wapiga picha wa kutosha.

Waziri alipanda juu ya kreti ya soda akahutubia. Alisema uwazi ni nuru, na nuru haina mgongo. Alisema adui wa taifa haji na bunduki, huja na pazia. Alisema ameona hapa ua mrefu kuliko kimo cha afisa aliyekaa, mrefu hata kuliko yeye aliyesimama, na kwamba ua huo lazima upunguzwe.

"Ua uko wapi, Mheshimiwa?" Bi Mgeni aliuliza, mikono yake ikiwa juu.

"Huu hapa mbele yangu."

"Hawa ni watu. Wana majina. Huyu anaitwa Mkasi, anauza maandazi, na yanaungua sasa hivi kwa ajili yako. Sheria si inasema raia aonekane? Hatuonekani?"

Waziri akakiri kwamba wanaonekana. Alimnong'oneza mkaguzi wake mkuu, na mkaguzi akaamuru jaribio la gazeti. Mkaguzi wa kwanza akasimama mbele ya wanawake, akafungua gazeti. Mkaguzi wa pili alitakiwa asimame upande wa pili. Alipiga hatua mbili, akasimama. Upande wa pili kulikuwa na mzazi.

Ndipo sauti ya Bi Sikudhani ilipotoka nyuma ya kanga, wala hakuipandisha.

"Nani anayekuja kusoma gazeti huku? Aje. Mjukuu wangu yuko uchi na maji bado ya moto. Lakini kabla hajapita, ataje jina lake, na jina la mama yake aliyemzaa, na atuambie mama yake alikandwa wapi na nani alikuja kumtazama. Aseme kwa sauti, wapiga picha wampige. Hapa ni peupe."

Mkaguzi wa pili alimtazama wa kwanza. Wa kwanza alijifunika uso na gazeti. Wapiga picha wakageuza kamera zao kwa Waziri, kwa kuwa ndiye aliyebaki, na Waziri aliona jinsi picha itakavyotoka: yeye juu ya kreti, amenyoosha shingo. Akashuka.

Waziri yule hakuwa mjinga, ndiyo maana alikuwa waziri. Aligeuka kwa kamera akatabasamu, akatangaza kwamba amekuja kuwapongeza. Raia hawa, alisema, huamka asubuhi na kusimama waonekane, kwa hiari yao, bila posho. Huo ndio uwazi aliouota. Akaagiza kila mtaa nchini uige mfano wa Kisimani.

Agizo likatekelezwa. Kuanzia asubuhi iliyofuata, katika kila mtaa wa Peupe wenye mzazi, wanawake walisimama wamenyoosha kanga mbele ya roshani kwa amri ya serikali, na nyuma yao wazazi wakaoga kwa raha. Wengi walisema hawakujua kwamba Wizara ina moyo.

*

Wanawake wa Kisimani walisimama mpaka mikono ikaota misuli. Na kati ya miguu yao madodoki yalipanda. Yalipita magoti, yakapita viuno, yakawashika kanga, yakawashika hereni. Asubuhi moja Mkasi wa maandazi alishusha mikono akapangusa jasho, na hakuna kilichobadilika. Nyuma yake kulikuwa kijani tupu, jani juu ya jani, na ua la kwanza la manjano limefunguka usawa wa roshani. Wakacheka, wakachukuana kwenda kwenye shughuli zao, na bado arobaini haikuwa imetimia.

Wakati huo Waziri alikuwa amepata muda wa kufikiri, na mtu alikuwa amemweleza maana ya agizo lake mwenyewe. Watu hakuweza kuwakata. Majani aliweza. Redio ya Bwana Tabwe ililia, na mtaa mzima ukasikia, kwa maana redio nayo haikuruhusiwa kunong'ona: Mtazamaji wa Kisimani achukue panga, ashuke, aingie kwa Bi Sikudhani, afyeke, leo.

Bi Sikudhani alikuwa ndiyo kwanza amemwagia mjukuu wake maji. Wanawake walikuwa sokoni, hakuna wa kuitwa akafika. Mwatime alimshika bibi yake mkono, kucha zikazama.

Hatua zikashuka ngazi za chuma. Zikapita chini ya nguzo. Zikafika kwenye kile kipande chembamba, zikasimama upande wa pili wa majani. Lilisikika panga likigusa nguzo. Mlango wa uani ulikuwa nusu, kama milango yote, na kulikuwa hakuna la kufanya ila kuusukuma.

Bwana Tabwe akakohoa. Akakohoa tena. Kisha likatoka neno ambalo halikuwa limesikika katika mtaa ule kwa miaka.

"Hodi."

Bi Sikudhani alihisi jibu linampanda kooni. Maisha yake yote hakuwahi kuliacha neno lile likae nje bila kujibiwa, si usiku wa msiba, si siku ya njaa. Mama yake alimfundisha kwamba hodi ni mgeni, na mgeni hasimamishwi juani. Akafungua mdomo.

Halafu akakumbuka na lile la pili alilofundishwa, kwamba anayebisha hodi mara tatu bila kuitikiwa hurudi alikotoka, wala hapaswi kuulizwa kwa nini. Na akaelewa kwamba aliyeko nje amelikumbuka vile vile.

"Hodi," sauti ilisema tena.

Bi Sikudhani alichukua pembe ya kanga yake akaiuma kwa meno. Machozi yalimtoka kwa ule ugumu wa kumnyima mtu karibu. Matone ya maji yalidondoka kutoka mgongoni kwa Mwatime, moja, moja, juu ya lile jiwe. Mtoto alikuwa amelala ndani.

"Hodi," mara ya tatu, polepole, kama anayeaga.

Hakuna aliyejibu. Panga likainuliwa kutoka kwenye nguzo. Hatua zikarudi zilikotoka, ngazi ya chuma ikalia, na huko juu Bwana Tabwe akasema kwenye redio, kwa sauti ya kazi: "Nimebisha hodi mara tatu. Sikuitikiwa. Nimerudi."

Upande wa pili wa redio, wakubwa wenye umri walielewa, kwa maana nao walilelewa. Vijana waliulizana hodi ni nini. Sheria ikafunguliwa, ikasomwa: hodi ilifutwa kwa sababu jibu hutolewa daima. Hapa jibu halikutolewa. Ikaundwa kamati ichunguze kama mtu anaweza kukataa kuitikia neno lisilokuwapo. Kamati hiyo bado inakaa, inakula vizuri, na mpaka itakapomaliza hakuna anayeruhusiwa kugusa jani.

*

Siku ya arobaini Bi Sikudhani alipika bokoboko. Mwatime alitoka nje na mtoto, mgongo wake umenyooka, na wanawake wakampokea kwa vigelegele mbele ya kijani kile. Watu walipokwisha kula, Bi Sikudhani alipakua sahani moja iliyojaa, akaifunika kawa, akaipeleka mwenyewe chini ya roshani. Akasimama kwenye ngazi ya kwanza.

"Hodi," alisema.

Katika utumishi wake wote hakuna aliyewahi kumwuliza Bwana Tabwe kama anaweza kuonekana.

"Karibu," alijibu mwishowe. "Karibu, bibi."

Alipanda polepole, akishika chuma. Juu hapakuwa na kitu zaidi ya kiti na redio, na pande zote wazi. Bwana Tabwe alipokea sahani kwa mikono miwili, akakaa kula, na Bi Sikudhani akaona kwamba amekigeuza kiti, mgongo kwa mashariki. Akatazama mashariki. Kule, juu ya mapaa yote, ulisimama mnara wa wilaya, na kwenye dirisha lake kioo cha darubini kilimeta.

"Wanakutazama ukila," alisema.

"Kila siku, bibi."

"Basi panda ua."

Bwana Tabwe alicheka kidogo, akaonyesha ile roshani, upana wa kiti na magoti. "Hapa? Hapana nafasi hata ya kopo."

Bi Sikudhani alifungua fundo la kanga yake. Ndani yake kulikuwa mbegu nyeusi, bapa, zilizong'aa.

"Dodoki haliombi nafasi, mwanangu. Linaomba kamba. Unazo?"

Bwana Tabwe alitazama mbegu. Alitazama mnara. Kisha akaweka sahani chini, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake vya serikali.